Kompyuta Mpya Haiyaoni Macho ya Tarcis

Kerege,
9 Juni 2024

Mdogo wangu Evelyn,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Hull, na kwamba baridi imekuachia kidogo. Sisi hatujambo. Wifi yako Gertruda hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi za kanisani, na viti vya nyuma havitaki kwa sababu anasema huko wanakaa wanaochelewa. Adrian wetu amefunga chuo, amekuja kutoka Morogoro na rasta kichwani. Mama yake alimpokea na mkasi. Mikorosho yetu ya upande wa barabarani imepigwa alama ya X nyekundu, na hakuna anayejua itakatwa lini wala kama itakatwa.

Ligi ya kata imeanza. Jumamosi walinisukuma na kiti changu mpaka uwanjani. Refa waliyemleta ni kijana, anapuliza kipenga kwanza, anaangalia baadaye. Alitoa penalti ambayo mimi, katika miaka yangu yote ya urefa, nisingeitoa hata mchezaji angeanguka akazimia. Nilitaka kupiga kelele. Kelele zangu siku hizi unazijua: niliangalia juu, nikaangalia chini. Gertruda akadhani nataka maji.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Kompyuta inaumwa. Ile uliyonitumia pamoja na kamera ya macho, ya yule mzee uliyekuwa unamtunza kazini, aliyefariki, binti yake akakupa. Tangu mikono iliponifia, na sauti ikafuata, hiyo ndiyo niliyoishi nayo. Asubuhi Gertruda ananiweka mbele yake, naangalia nukta zinavyojitokeza pembe hii na pembe ile ya kioo mpaka kamera inijue, kisha naangalia herufi moja moja na zinajiandika. Mtu asiyejua angedhani nimepitiwa na usingizi macho wazi, kumbe niko katikati ya sentensi. Ukipiga simu nakusikia vizuri, lakini sina cha kukujibia. Barua ndiyo mdomo niliobakiwa nao.

Sasa kompyuta hiyo inapata moto kama pasi. Feni inanguruma, halafu kioo kinazima. Fundi Dija ametoka Bagamoyo mjini kuja kuifungua. Unamkumbuka Dija, nilimfundisha Jiografia, alikuwa hajui mashariki wala magharibi; leo ana duka lake la kutengeneza kompyuta karibu na soko. Aliipuliza vumbi, akaipaka dawa ya kupunguza moto, akaniambia, "Ticha, bodi imechoka. Nitaisukuma, lakini siahidi kitu."

Na hili si la kompyuta: Krismasi utakuja? Mara ya mwisho ulipokuja nilikuwa bado naweza kushika kikombe. Sikulaumu. Nauliza tu.

Kaka yako,
Tarcis


Hull,
23 Juni 2024

Kaka Tarcis,

Shikamoo. Milele amina. Barua yako niliisoma kwenye basi nikacheka peke yangu habari za refa, mama mmoja akahama kiti. Mimi ni mzima. Huku wanaita sasa majira ya joto, nami nimevaa sweta. Mpe wifi pole ya magoti. Mwambie apake yale mafuta niliyomtumia mara iliyopita, asiyaweke kabatini kusubiri wageni.

Kuhusu kompyuta, usiwaze tena. Nimeshaagiza nyingine, na si mtumba safari hii. Ni toleo jipya kabisa, prosesa yake, yaani ule ubongo wake, imetoka mwezi huu, dukani walikuwa bado hawajaitoa kwenye maboksi. Muuzaji alinieleza kwamba prosesa za aina hiyo hazili umeme, betri inakaa siku nzima. Nikafikiria umeme wa Kerege unavyokatika ukiwa katikati ya neno. Haina hata feni, haitapata moto. Farhan, yule kijana wa Bagamoyo anayefanya kazi hospitali ya hapa, anarudi nyumbani mwezi ujao kwa harusi ya dada yake. Nitampa aibebe mkononi.

Dija aichomeke kamera tu, aweke programu, basi.

Kazini tuko vizuri. Wazee wawili niliokuwa nawatunza wamefariki mfululizo, nyumba imekuwa kimya.

Macho yako yanaendeleaje? Uliniambia Pasaka yanachoka. Hukusema zaidi.

Mdogo wako,
Eva


Kerege,
4 Agosti 2024

Mdogo wangu Evelyn,

Marahaba. Sisi wazima. Farhan amefika salama, harusi imepita, pilau ililiwa mpaka na watu wa Kerege tusiojua bibi harusi anaitwa nani. Kompyuta alinikabidhi mwenyewe. Nyembamba kama sahani. Gertruda ameishonea mfuko kutoka kwenye kitenge ambacho alikataa kunishonea shati.

Nakuandikia kwa ile ya zamani, na Gertruda amesimama nyuma anaipepea kwa kifuniko cha sufuria. Kwa hiyo nisikuzungushe. Mpya haijakubali.

Dija alikuja Jumanne asubuhi na mkoba wake. Akaiwasha, ikawaka kabla hajatoa mkono. Akaweka programu ya kuandika kwa macho, ikafunguka vizuri, na ubao wa herufi uleule. Tukafurahi. Akachomeka kamera. Zile taa zake nyekundu hazikuwaka. Kompyuta ikasema hakuna kamera. Akachomoa, akachomeka upande wa pili. Hakuna kamera. Akaihamishia kwenye ile ya zamani, ikaniona palepale.

"Ticha," akasema, "kamera haina ubaya. Ubaya ni prosesa."

Nikamwandikia: Ubaya gani, si ni mpya?

"Ndiyo ubaya wenyewe. Zamani prosesa za kompyuta hizi zote zilikuwa zinaelewa lugha moja. Hii imekuja na lugha yake. Mfumo endeshi wameuandika upya kuifuata. Sura ni ileile na jina lilelile, lakini ndani ni mwingine. Programu za kawaida wamezitafutia mkalimani, ndiyo maana unaona zinafunguka. Lakini kamera ina kiprogramu chake kidogo, tunakiita draiva, kazi yake ni kuitambulisha kwa kompyuta. Draiva haikubali mkalimani. Lazima walioitengeneza waiandike upya kwa prosesa hii."

Nikamwandikia: Basi toa huo mfumo, weka wa zamani.

Alikaa siku nzima akijaribu. Gertruda akampa wali, wali ukapoa. Kila akiweka mfumo wa zamani, kioo kinabaki cheusi, hata maandishi ya kosa hakiandiki. Mwishoni akaniambia kwa sauti ndogo, "Haiwezekani, Ticha. Haujui kabisa prosesa hii ni kitu gani."

Kwa hiyo nina kompyuta mbili: moja inaniona lakini inakufa, nyingine nzima lakini kwayo mimi sipo. Dija anasema tutafute mtumba Kariakoo, wenye prosesa ya zamani. Nimemwambia tukuulize kwanza wewe.

Na lile swali langu la Krismasi hukulijibu. Labda halikufika.

Tarcis


Hull,
18 Agosti 2024

Kaka Tarcis,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako nikajisikia vibaya, nikashindwa kujibu mapema. Natumaini wifi hajambo na Adrian amerudi chuo na nywele za kistaarabu.

Nimewapigia watengenezaji wa kamera. Nilisubiri kwenye simu mpaka chai yangu ikaganda. Wale wa mwanzo walishauza kampuni, na walioinunua wanatengeneza kamera nyingine za aina yao. Nikampata dada mmoja, mpole sana.

Nikamwambia, "Kaka yangu hasemi bila hiyo kamera."

Akasema, "Ninasikitika sana kusikia hivyo. Prosesa hizo ni mpya, bado hatujaziwekea draiva."

"Mtaiweka lini?"

"Tunalifanyia kazi. Mwezi wa kumi kuna toleo jipya la mfumo endeshi, huenda likasaidia."

Kwa hiyo nakuomba, kaka, tusubiri mwezi wa kumi. Mtumba wa Kariakoo utakufa kama huu unavyokufa, tutarudi palepale. Nimeshasoma kila kitu mtandaoni. Kuna watu dunia nzima wanalalamika: wa mashine za kushona, wa printa, wa vyombo vya muziki. Lazima watalitengeneza. Hawawezi kuuza kitu kipya namna hii wakakiacha hivyo. Mwambie Dija aangalie kila Ijumaa kama kuna toleo, nami nitaangalia huku.

Kazi iko salama, usiwe na wasiwasi.

Umenijibu mambo yote ila macho.

Eva


Kerege,
22 Septemba 2024

Wifi yangu Eva,

Usishtuke kuona barua inatoka kwenye simu yangu. Mimi ni Gertruda. Maneno ni ya kaka yako, na nitakapoweka yangu nitasema. Tuko wazima. Adrian amerudi chuo, rasta zimebaki huku kwenye mfuko wa taka.

Ile kompyuta ya zamani imekufa Jumatano, akiwa anakuandikia. Kioo kilizima kama kawaida yake, tukaiacha ipoe, haikuwaka tena. Nilikwenda jikoni kusonga ugali, niliporudi nilimkuta bado ameikodolea. Dija aliichukua, akaweza kuokoa yale maneno yaliyokuwa yameshaandikwa. Ni haya:

"Mdogo wangu Evelyn, leo nataka kukuambia jambo ambalo nimelikwepa tangu mwezi wa sita. Unaponiuliza habari za macho yangu"

Basi, yaliishia hapo. Nilimwomba amalizie kwa kadibodi. Maana sasa tunatumia kadibodi, Dija ameichorea herufi kwa kalamu nene. Napitisha kidole mstari kwa mstari; akiangalia juu ni ndiyo, akifumba ni hapana. Nilipomwomba amalizie, alifumba. Nikamwomba tena. Akafumba mpaka nikadhani amelala.

Haya sasa ndiyo ya kwake, tumeyatoa tangu baada ya misa mpaka wageni wa jumuiya walipokuja:

MARAHABA EVA. MASHINE MPYA INA KIOO KIZURI. IKIZIMWA NAJIONA. NIMEKONDA. KRISMASI JE.

Kuna na jambo jingine alilitaja nikakataa kuliandika. Tumegombana. Unajua kugombana na mtu anayegombana kwa kope? Alinifumbia siku nzima, hata uji aliukataa. Lakini sitaliandika, mimi ni mke wake.

Sasa yangu mimi. Shemeji wa Dija anakwenda Kariakoo wiki hii. Uliandika tusubiri. Tusubiri?

Wifi yako,
Gertruda


Hull,
20 Oktoba 2024

Wifi Gertruda, na Kaka Tarcis,

Shikamooni. Natumaini mvua za vuli zimeanza na paa la jikoni limezibwa. Mimi nipo.

Wifi, nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa nasubiri toleo lile, kila siku nikiamka naliangalia hilo kabla ya maji ya uso. Limetoka. Dija ameniambia mmeliweka na taa za kamera hazijawaka. Nimempigia tena yule dada. Alinikumbuka, akaniuliza kaka hajambo.

Nikamwambia, "Toleo limetoka, bado."

Akasema, "Naomba nikuambie ukweli. Kamera hiyo ni ya zamani. Hakuna mtu hapa ofisini aliyepewa kazi ya kuiandikia draiva ya prosesa hizi. Sidhani kama atapewa."

"Mbona uliniambia mnalifanyia kazi?"

"Ndivyo tulivyoelekezwa kusema."

Sikumtukana. Nilitaka, lakini alikuwa analia yeye.

Chukueni mtumba. Wowote, hata uliopasuka, mradi prosesa ni ya zamani. Ningesema mwezi wa nane. Kaka, soma na hili: ningesema mwezi wa nane.

Nina mambo ya kushughulikia huku. Nitaandika vizuri nikitulia.

Eva


Kerege,
24 Novemba 2024

Wifi Eva,

Tumsifu Yesu Kristo. Mvua imenyesha vibaya, barabara ya ndani kwetu imekuwa mto, tunavusha watoto wa shule mgongoni. Paa halijazibwa.

Mtumba ulipatikana. Ni mzito, vifungo viwili vya herufi havipo, lakini kamera uliitambua mara moja, zile taa nyekundu zikawaka, mimi nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja. Dija alikuwa amehamishia humo diski ya ile iliyokufa ili kila kitu kiwe kama kilivyokuwa. Halafu programu ya kuandika ikajifunga, na ile ya majaribio aliyoiweka kwenye mpya haitolewi mara ya pili. Dija anasema imegundua bodi si ileile, inadhani tumeiba. Inataka namba ya kuifungulia, na namba hiyo iko kwa kampuni ileile ya kamera. Jina linalotokea kwenye kioo ni la yule mzee wako marehemu. Kaka yako alilisoma akaangalia kadibodi. Akasema: HUYU ASHASAMEHEWA MIMI BADO. Ndivyo alivyo, utani haumwishi.

Dija amejaribu programu nyingine za bure. Moja inakwenda kasi kuliko macho yake, nyingine inataka apepese kope, na kope zake hazipepesi tena anavyotaka. Hilo ndilo jambo la macho, wifi. Nakuambia mimi kwa kuwa yeye hataki. Yanateleza. Anataka kuangalia A yanakwenda mpaka D. Kadibodi sasa inatuchukua asubuhi nzima kwa mstari mmoja.

Huu ndio mstari wake kwako. Tuliutoa kwa siku mbili, akawa anapumzika katikati:

USIJE KUNIZIKA. NJOO NIKIWA NAKUONA.

Amekataza nisiongeze kitu.

Gertruda


Hull,
8 Desemba 2024

Kaka Tarcis,

Shikamoo. Barua hii wifi akusomee taratibu, akichoka apumzike.

Ile namba nimeiomba. Wanasema leseni ilikuwa ya marehemu na haihamishwi. Nimemtafuta binti yake, amekubali kuwaandikia kama mrithi. Wamemjibu watalipitia. Nimemwandikia na yule dada wa simu, kwa jina lake, nikimwomba kama binadamu.

Sasa swali lako. Umeniuliza tangu mwezi wa sita, nami nikawa nakuandikia habari za prosesa. Kuzungumzia prosesa ilikuwa rahisi.

Siwezi kuja, kaka. Mwezi wa nane mwanzoni, wenye nyumba ya wazee niliyokuwa nafanyia kazi walinyang'anywa kibali cha kuajiri wageni. Sote tuliambiwa tukae nyumbani. Ruhusa yangu ya kuishi hapa inategemea mwajiri. Nisipopata mwingine mwenye kibali, naondolewa. Nikitoka mwenyewe kabla sijampata, mlango unafungwa nyuma yangu, sitarudi. Nimezunguka nyumba za wazee mpaka viatu vimeachia soli. Wananisifu, wananipa chai, wanasema hawana kibali. Nilikuandikia kazi iko salama kwa sababu nilijua utaacha kula.

Ada ya Adrian inatoka huku, dawa zako zinatoka huku. Nikija nitakushika mkono halafu tutakaa wote tunaangaliana.

Uniambie nifanye nini. Najua kukuomba hivyo sasa ni ukatili, lakini nimezoea wewe ndiye unaniambia. Baba alipokufa ulinifunga kamba za viatu ukanipeleka shule siku ileile, ukaniambia leo kuna hesabu, twende. Mimi sina mwingine wa kuniambia twende.

Eva


Kerege,
26 Januari 2025

Wifi Eva,

Tumsifu Yesu Kristo. Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshazeeka. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nataka nikuandikie habari njema.

Namba imekuja. Yule dada wa simu ameituma kwa Dija bila barua wala salamu, namba tupu. Dija aliniambia huenda ameitoa kwa siri, tusimtaje. Aliacha duka, akaja na pikipiki na mvua yote ile. Akaandika namba, programu ikafunguka. Kamera ikawaka. Herufi zikajipanga kama zamani, na kule juu jina la kaka yako, Dija alilibadilisha: Tarcis, badala ya la marehemu. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, wifi. Hakuna hata kimoja kilichokataa.

Tukamweka mbele yake. Zikaja zile nukta. Unajua lazima aziangalie zote ndipo kamera imjue. Akaipata ya kwanza. Ya pili macho yakateleza. Kamera ikasema tuanze upya. Tukaanza upya. Dija akasogeza kioo, akapunguza mwanga, mimi nikamshika kichwa na viganja viwili. "Ticha, hapa juu, hapa kwenye kona. Ticha, kidogo tu." Ikawa inasema tuanze upya. Tukampumzisha, tukarudi kesho yake, na keshokutwa. Wiki nzima Dija alikuwa anakuja asubuhi. Ijumaa akaifunga kompyuta, akatoka akasimama kule kwenye mikorosho, nikamfuata. Akaniambia, "Mama, mwezi wa tisa angeweza. Mwezi wa tisa alikuwa anaweza kabisa." Kisha akashindwa kupanda pikipiki yake.

Barua yako ya Desemba nilimsomea yote, mara mbili. Kadibodi hatuitumii tena. Tumebaki na ndiyo na hapana, na hiyo nayo ni kwa kusubiri. Nikamuuliza, umemkasirikia Eva? Akafumba. Hapana. Nikamuuliza, unataka asiharibu mambo yake huko? Akaangalia juu. Ndiyo. Nikamshukuru Mungu nikajua hilo ndilo jibu nitakalokuandikia. Halafu, sijui shetani gani alinituma, nikamuuliza, lakini unataka kumwona?

Hakufumba na hakuangalia juu. Machozi yalitoka, lakini siku hizi yanatoka yenyewe muda wote, namfuta kila saa, daktari alisema ni misuli. Nilikaa pale na kitambaa mkononi nikisubiri. Kuku wakaingia ndani, sikuwafukuza.

Nimekuandikia kama lilivyokuwa. Usinilazimishe nikufasirie.

Jambo lile la mwezi wa tisa nililokataa kuliandika, sasa naliandika. Alitaka nikuombe, siku akishindwa kumeza, usituruhusu tumpeleke Muhimbili wamwekee mipira. Abaki hapa Kerege. Ameshaanza kushindwa, wifi. Uji tunauweka kwa kijiko cha chai.

Gertruda


Hull,
9 Februari 2025

Wifi Gertruda,

Shikamoo. Msalimie Adrian, msalimie Dija, mwambie nimemwandikia yule dada wa simu kumshukuru na barua imerudi, hayupo tena kazini.

Kuna nyumba ya wazee mji mwingine, wana kibali. Walitaka kuniona Jumatano hii. Nimewaandikia kwamba sitafika. Jumanne jioni napanda ndege, Jumatano mchana nitakuwa Dar, nitapanda basi mpaka Kerege. Sihitaji kupokewa, usimwache peke yake kwa ajili yangu. Mwambie nakuja. Mwambie mara nyingi, hata kama hajibu.

Nyumba nimeirudisha kwa mwenyewe. Ada ya Adrian tutakaa tuitazame pamoja, sijui tutaipata wapi, sitaki kukudanganya.

Nina ombi moja. Naomba, nikifika, unionyeshe wewe jinsi ya kumgeuza kitandani na kumlisha. Kazi hiyo nimeifanya miaka hii yote kwa wazee wa watu, naijua kwa mikono, hata gizani naifanya. Lakini wale walikuwa wananiambia wakiumia. Yeye nitajuaje?

Eva